Wa Mwisho Amefika?

Likizo moja ya chuo, wanyama wanafunzi walikwenda kambini kusomea uofisa. Mkufunzi wao, Sajini Korongo, alisimama kwa mguu mmoja akatoa amri: "Mguu sawa!"

Wote wakatulia, isipokuwa Jongoo. Miguu yake ilikuwa ingali inatua mmoja mmoja, naye akiiuliza kwa sauti ndogo, "Wa mwisho umefika?"

"Kadeti Jongoo, tukungoje mpaka masika?"

"Bado thelathini, afande."

Swala akacheka. "Jina Jongoo, kujongea hujui."

Korongo akamwonya Jongoo kwamba akianguka mtihani wa Ijumaa, atarudi kwao bila nyota begani. Mtihani ulikuwa huu: kila kadeti aongoze wenzake watano hadi ng'ambo ya kilima.

Swala alifika asubuhi. "Nimemaliza, afande."

"Kikosi chako kiko wapi?"

Swala akageuka. Nyuma yake kulikuwa na vumbi lake tu.

Jongoo alifika alasiri. Njia nzima alikuwa akisimama kila hatua chache na kuuliza, kama alivyozoea, "Wa mwisho amefika?" Naye Konokono aliyeshika mkia akijibu, "Bado kidogo, kiongozi." Walifika wote sita.

Jongoo alipokuja kuvishwa nyota, Korongo aliamuru, "Mguu sawa." Gwaride likatulia. Safari hii Swala ndiye aliyeinama kuitazama miguu ya mwenzake.

"Bado mitatu, afande," akasema. "Tumngoje."