Droni Juu ya Kilima

“Namba Saba, geuza. Rudi utue.”

Rubani alidhani hakusikia vizuri. Tangi la ndege lilikuwa limejaa maji, na nyumba ya baba yake ilikuwa mbele yake, mwendo wa dakika nne tu.

“Kuna droni juu ya kilima,” msimamizi wa kituo aliendelea redioni. “Ndege zote chini.”

“Bwana Kanuni, moto uko uani kwa baba yangu!”

“Najua, dada. Tua.”

Jina la Bwana Kanuni alibandikwa na marubani, naye alilipokea bila kinyongo. Kanuni yenyewe waliijua wote. Droni ya mtu binafsi ikionekana penye moto, ndege zote hutua, na hairuki hata moja mpaka ipite nusu saa bila droni hiyo kuonekana tena. Kidude chenye uzito wa kuku kikiingia kwenye propela, ndege nzima huanguka.

Rubani akamwaga maji yote juu ya msitu usio na mtu, akageuza. Ndege ilikuwa ya kiti kimoja. Hakuwa na wa kumlilia.

Majirani wote wa kilimani walikuwa wameondoka asubuhi. Baba yake alikataa. Tangu mama afariki alikuwa akiishi peke yake, akitengeneza vitu vibovu vya watu: redio, pasi, vidude vya watoto vya rimoti. Kabla ya kustaafu alikuwa fundi wa ndege hizi hizi, miaka thelathini.

“Na mimi niende wapi?” alimwambia binti yake kwa simu, kabla mnara wa mtandao haujaungua na barabara haijazibwa na miti iliyoanguka.

Binti alimtembelea mara mbili kwa mwaka, basi. Salamu nyingine zote zilikuwa za angani. Yeye hupita juu ya paa, mzee hutoka uani na kuvua kofia.

Leo, katika mzunguko uliopita, mzee hakuvua kofia. Alikuwa akikimbia huku na huku uani, akipunga mikono yote miwili, kisha akimnyooshea kidole. Rubani hakuwahi kumwona baba yake akiogopa.

“Nachota maji narudi, baba,” alisema, ingawa hakuna aliyemsikia. Alipokata kona usukani ulitetemeka kidogo. Akailaumu hewa ya moto.

Sasa alikuwa chini, amekaa kwenye kivuli cha bawa, akiitazama saa. Dakika kumi. Ishirini. Ilipofika ya ishirini na sita Bwana Kanuni akatoka ofisini, na uso wake ukasema kabla ya mdomo.

“Imeonekana tena. Tunaanza kuhesabu upya.”

“Ni nani huyo?”

“Sijui. Ameifunga kitambaa chekundu, kinapepea. Inazunguka pale pale juu ya kilima.”

“Anatafuta sifa mtandaoni,” alisema fundi wa zamu, akichukua tochi yake. “Watu wa siku hizi, nyumba ya mwenzao ikiungua kwao ni sinema.”

“Nikimpata nitamlisha hiyo droni,” rubani alisema. “Na betri yake.”

Akamfuata Bwana Kanuni mpaka mlangoni.

“Niruhusu mara moja tu. Nikianguka, nimeanguka mimi.”

“Nikikuruhusu wewe, siwezi kumkatalia mwenzako. Akianguka yeye, mama yake nitamwambia nini?” Akamshika bega. “Nisamehe, mwanangu.”

Rubani akarudi kwenye ndege yake, akapiga magoti kando ya gurudumu. Alikuwa na ombi moja. Bwana, iangushe hiyo droni. Aliliomba tena na tena, kwa maneno yale yale, kama mtoto.

Droni haikuanguka. Ilitoweka, ikarudi tena kabla ya nusu saa kwisha.

Kila mtu kituoni alijua kuusoma moshi. Nyasi hutoa mweupe. Nyumba, yenye magodoro na rangi na vitu vya mtu vya maisha yote, hutoa mweusi. Moshi wa kilimani ulipogeuka mweusi hakuna aliyemwambia. Waliacha kuongea, naye akainua macho mwenyewe.

Alikuwa bado amesimama hivyo fundi alipomwita kutoka nyuma ya ndege.

“Dada, hebu njoo.”

Fundi alikuwa ameona ndege imekaa bure, akaamua kuikagua. Akamulika mkia. Kibawa kinachoinua na kushusha pua ya ndege kilishikiliwa na bolti tatu. Mbili hazikuwapo. Ya tatu ilikuwa imepinda kama kidole.

“Ungepiga mzunguko mmoja tena na tangi limejaa…” Akazima tochi. “Mshukuru Mungu.”

“Kwa lipi?” rubani aliuliza, macho yakiwa kilimani.

Jioni barabara ilifunguliwa. Walikuwa wamekaa ofisini, chai imepoa mbele yao, redio ilipokoroma. Alikuwa askari wa doria.

“Kituo, tumempata mwenye droni.”

Rubani alisimama mpaka kiti kikaanguka.

“Mlete hapa kwanza,” alisema Bwana Kanuni.

“Anakwenda hospitali, mkuu. Mikono imeungua. Tumemtoa ndani ya tenki la maji nyuma ya nyumba, rimoti bado ameing’ang’ania.”

“Anajitetea vipi?”

“Hajitetei. Kila nikimwuliza kwa nini amefanya hivi, huyu mzee ananiuliza yeye: Namba Saba imetua?”