Sauti ya Muuza Nyanya

Kampuni kubwa ilipoinunua studio ndogo ya michezo ya kompyuta, iliamua kuufunga mchezo wa soko ambao Saumu aliutengeneza na marehemu dada yake, Mwanaisha. Mchana huo mjumbe wa wamiliki wapya alikuja kusimamia kazi hiyo.

“Uzime sasa, dada.”

Saumu alikuwa amechoka kubishana. “Subiri kidogo, kaka.”

Aliingia mchezoni, akaenda kwenye genge la nyanya. Muuzaji alichangamka kwa sauti ya Mwanaisha: “Karibu mteja wangu! Leo nikupimie ngapi?”

“Nani huyo?” mjumbe aliuliza.

“Dada yangu. Sauti yake haipo kwingine.”

Mjumbe akavuta kiti, akaketi kusikiliza. Kwenye skrini, muuzaji alikuwa bado amenyoosha mkono, akingoja jibu.