Fomu ya Kulalamikia Maji

Simu ililia kabla Fagio hajakaa vizuri kwenye kiti.

"Mwanangu," ilisema sauti ya mama mtu mzima, "ile fomu ya kulalamikia maji mmeipeleka wapi?"

"Shikamoo, mama. Hapa hatuhusiki na maji. Tunatengeneza vitufe."

"Marahaba. Vitufe ndiyo nini?"

"Vile unavyobonyeza kwenye simu, mama."

"Basi ndicho nilichokuwa nabonyeza kila Jumatano. Kimeenda wapi?"

Fagio aliijua fomu hiyo. Aliifuta mwenyewe, juzi.

Kampuni yao ilitengeneza vipande vya kurasa za mtandao: vitufe, menyu, visanduku vya kujazia majina. Waandishi wa programu walivichukua wakajengea kurasa zao. Vipande viliandikwa kwa mifumo minne, kila mfumo una timu yake, na kila timu ina programu yake ya mfano ya kuwaonyesha wateja. Fundi wa kwanza, ambaye wiki ile bomba la kwake lilikuwa limekauka, alitunga fomu ya malalamiko ya idara ya maji ya kubuni. Timu tatu zilizofuata zikainakili kama ilivyo, pamoja na makosa yake ya tahajia.

Mkurugenzi alipogundua kwamba analisha timu nne kwa fomu moja, alimpa dada huyu aliyepokea simu kazi ya kuziunganisha. Ndipo wenzake wakambandika jina la Fagio.

Vilikaliwa vikao kumi na kimoja. Kila timu ilikubali kwamba ibaki programu moja, mradi iwe ya kwake. Kiongozi wa timu moja aliapa kwamba pembe za kitufe chao ni laini kuliko za wenzao. Mwingine alitoka nje kupunga upepo, akarudi baada ya siku mbili. Mwishowe Fagio alizifuta zote nne, akaandika moja mpya ya duka la maua. Watu wakapiga makofi, wakapiga na picha.

Sasa alifungua ghala la programu za zamani, ambako nakala za zilizofutwa huhifadhiwa. Maelfu ya mistari aliyokuwa ameiona humo aliidhania ya majaribio, ile ambayo mafundi huandika ili kujaza nafasi. Safari hii aliisoma.

"Mtaa wetu leo siku ya arobaini."

"Mita inazunguka na maji hamna. Inahesabu nini?"

"Ni mimi tena, yule wa jana."

Chini ya kila mmoja kulikuwa na jibu lilelile, linalotumwa na programu yenyewe: Asante. Lalamiko lako limepokelewa na linashughulikiwa.

Alikwenda kwa mkurugenzi, akamweleza yote.

"Miaka mitatu tunajifanya idara ya maji!" Mkurugenzi alishika kichwa. "Nenda kaombe radhi kabla hawajatushtaki. Na wakikukamata, sema ulikuwa peke yako."

Nje ya ofisi ya maji foleni ilikuwa imefika barabarani, watu na madumu yao. Mlinzi alikimbia huku na huku akijaribu kuipanga, kama mtu ambaye hajawahi kuona foleni maishani. Ndani, makarani walikuwa wakigombania kalamu.

Meneja alimkaribisha kiti. Fagio hakuficha kitu. Fomu ilikuwa ya mfano tu, alisema. Hakuna aliyesoma malalamiko. Majibu yaliandikwa na mashine.

"Tunaomba radhi sana, mzee. Wala hatujui watu waliipataje."

Meneja aliinuka, akafunga mlango na kuuvuta kuhakikisha umefungika. Kisha akafungua kabati. Lilikuwa limejaa vipeperushi mpaka juu. Akamkabidhi kimoja. Kilikuwa na muhuri wa ofisi, maneno *Malalamiko Yote Yatumwe Hapa*, na chini yake, kwa herufi nene, anwani ya programu ya mfano.

"Dada yangu, nakuomba, irudisheni leo hii," alinong'ona. "Tangu juzi watu wanakuja hapa wenyewe, na wanataka maji."