Siku Arobaini kwa Salha

Siku hizi huvuki mpaka bila kuchagua mwendo. Nilimweleza Kihiyo, karani wa safari hapa Tanga, kwamba nitapitia Nairobi kwa dada yangu, kisha niende Kampala kwa binti yangu Salha, aliyejifungua juzi.

"Kutembelea ndugu ni Mwendo wa Haraka, mama," alisema. "Saa sita kila nchi. Muda ukiisha, bangili tutakayokuvisha inalia."

"Saa sita! Nimkande mwanangu, nimpikie uji wa pilipili manga, nimwogeshe mtoto, halafu bangili inifukuze kama mwizi? Mzazi hukaa na mama yake siku arobaini!"

"Mashine haina arobaini, mama."

"Na yule mzungu aliyetoka hapa sasa hivi, kapewa miezi miwili akatazame nyani?"

"Yule ni mtalii. Watalii wana Mwendo wa Pole." Akatazama mlangoni, akashusha sauti. "Hata wewe ungeupata, ukitaja kivutio."

Nilikuwa nimefura. Nikamwambia aandike, basi: kivutio ni mjukuu wangu, bado hajapewa jina, yuko nyumbani kwa Salha. Aandike na mtaa, na siku arobaini.

Mashine ikakubali papo hapo. Siku arobaini! Nikanyoosha mkono nivishwe bangili, nikijisifu kwamba leo nimewakomesha.

Kihiyo hakunivisha. Alikuwa bado anasoma kioo cha mashine.

"Mama," alisema, "kivutio chako kimeshaingia kwenye orodha ya watalii wote. Watalii kumi na wanne wamekichagua. Wa kwanza anafika kesho asubuhi, kabla yako."