Mistari ya Mlangoni

Tatu alikwenda kurudisha ungo kwa jirani yake, Mama Hidaya, na wivu ukamkuta mlangoni. Kwenye mwimo wa mlango wa jikoni palikuwa na mistari ya penseli ya kupimia urefu wa watoto wa nyumba ile. Katikati ya majina yao lilikuwemo la Siwema, binti yake, na mistari sita, wa kwanza ukiwa usawa wa kiuno.

“Na huyu wangu mnampima?”

“Kila Idi, shoga. Anakunywa uji hapa kila asubuhi na wenzake, ningemwachaje?”

Tatu alimchekea, lakini roho ilimuuma. Alipofika kwake alimwita Siwema, akaokota kipande cha mkaa na kumsimamisha mlangoni. Mtoto akavua ndara bila kuambiwa, akabana visigino kwenye ubao, akanyoosha shingo.

“Weka kitabu kichwani kwanza, mama. Ndiyo mstari unakaa sawa.”

Tatu akatazama huku na huku chumbani. Kitabu hakikuwepo. Akaweka kiganja juu ya nywele za mwanawe, na ilimbidi ainue mkono juu kuliko alivyodhani. Mkaa ukabaki katika mkono wa pili, na kiganja hakikuondoka.