Pumzi ya Aikande

Wakati huo mwenye kifua dhaifu hakuruhusiwa kupanda mlima mpaka aunganishwe pumzi na mwongozaji. Kila mmoja alibandikwa kijidude chini ya shingo, wakawa wanahisiana wanavyohema. Ndiyo maana katika fungate yao Zuhura alipanda Kilimanjaro nyuma ya mumewe Idrisa, akimtazama mwongozaji, binti wa Machame aitwaye Aikande, akisimama kila Idrisa alipochoka, kabla hata hajafungua mdomo.

"Mpe maji, shemeji," Aikande alisema. "Koo limemkauka."

Zuhura alimpa, roho ikimuuma. Yeye ndiye mke, na hakujua.

"Usinune, mke wangu," Idrisa alimtania. "Ni mashine tu. Tukishuka imekwisha."

Walishuka, vijidude vikabanduliwa, wakarudi Tanga. Daktari aliwaambia kwamba miili mingine husahau polepole.

Adhuhuri moja walikuwa jikoni wakichambua mchele. Idrisa akaacha sinia, akashika kifua. Alikuwa anahema kama mtu aliye kwenye mwinuko mkali.

"Unaumwa?" Zuhura aliuliza, mkono tayari begani kwake.

"Siumwi. Ni Aikande. Yuko mlimani."

Zuhura alingoja atanie kama siku ile. Idrisa alikodolea macho ukuta mpaka pumzi zikatulia. Kisha akasema, kwa sauti ndogo ambayo Zuhura aliitambua mara moja, kwa kuwa ndiyo aliyonung'unika nayo moyoni tangu mlimani:

"Amesimama. Anamngoja mwingine apumzike."