Mistari ya Hidaya

Sikudhani, msusi wa mtaa, alizoea kumsuka mdogo wake Hidaya akiwa kwenye kiti. Bega la kulia lilipoanza kuuma alimshusha kwenye kigoda, kisha kwenye mkeka, ili asiinue mkono. Asubuhi hiyo hata mkekani kichwa kilikuwa juu mno.

"Nishuke wapi tena, dada? Nichimbiwe shimo?"

"Tulia, usitikisike."

Daktari alikuwa amesema wazi kwamba upasuaji si lazima. Asipofanyiwa, maumivu yatabaki. Akifanyiwa, huenda mkono ukapanda tena, lakini hatasuka mtu kwa nusu mwaka.

"Na kichwa hiki nimwachie nani?" Sikudhani aliuliza.

"Nitajifunza. Nitawasuka na wateja wako."

"Wewe? Hujasuka hata mwanasesere."

Hidaya aliinuka, akamkalisha dada yake mkekani na kuchukua chanuo. Mstari wa kwanza ulipindia sikioni. Wa pili ukaufuata huko huko.

"Unavuta kama unang'oa muhogo," Sikudhani alisema.

Kazi ilipokwisha, Sikudhani alijitazama kwenye kioo kwa muda mrefu.

"Nifumue?" Hidaya aliuliza.

"Acha."

Alikataa kujifunga kitambaa, akatoka nje kichwa wazi. Jirani, mteja wake wa miaka mingi, alisimama ghafla.

"Yarabi! Nani kakufanya hivyo?"

"Mdogo wangu. Ndiye atakayekusuka nusu mwaka ujao."

Jirani aliinua mikono yote miwili akajishika utosi. Sikudhani alicheka, kisha akaitazama ile mikono jinsi ilivyopanda bila shida.